Cherehani Kuukuu Bado Ina Kazi

Kabla hujakopa pesa za cherehani mpya, ichunguze kwanza ile ya kukanyaga iliyo nyumbani. Imeundwa kwa chuma, haihitaji stima, na Singer au Butterfly nyingi za zamani hutumia sindano zinazouzwa madukani hadi leo.

Ikiwa nzito kukanyaga, fungua kibati kilicho chini ya sindano, usugue vumbi na nyuzi kwa brashi. Tia tone moja la mafuta ya cherehani katika kila tundu la mafuta. Usitie mafuta ya kupikia, kwani huganda na kukwamisha vyuma. Kisha shona kitambara mpaka mafuta ya ziada yaishe.

Mshono ukiruka, badilisha sindano: namba 14 kwa shati la pamba, 16 kwa jinzi. Mkanda wa ngozi ukilegea, ukate kidogo, uuunganishe tena.

Ikikataa bado, muone fundi. Pesa utakazookoa zinunulie kitambaa cha sare. Shule zikifunguliwa, mzazi atakagua mshono, hataulizia umri wa cherehani.