Mgeni Akishapigiwa Makofi



Kila Jumapili kabla ya baraka ya mwisho tunawaomba wageni wasimame. Wanataja majina na parokia walikotoka, tunawapigia makofi, wanaketi. Halafu? Wengine tunaendelea kuwaona kila wiki na bado hatuwajui.

Ofisini kwetu alikuja mama mmoja, mpangaji, aliyesali nasi miezi minane. Alitaka mtoto wake abatizwe, akatumwa kwanza alete barua ya mwenyekiti wa jumuiya. Mwenyekiti akamwambia, "Mama, sisi hatukujui." Na kweli hakumjua! Lakini wanakaa ploti moja, wanateka maji kwa mfereji mmoja.

Maaskofu wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1976 walisisitiza jumuiya ndogo ndogo ili Wakristo wajuane pale wanapoishi. Hawakutaka ofisi ya kutoa barua.

Wazee wetu walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunampa chai (na si vibaya, chai ni nzuri), lakini jembe tunalificha. Tulimwomba mwenyekiti sala ya Alhamisi ifanyike kwa yule mama. Chumba ni kimoja, akaazima viti kwa majirani, wengine wakaketi kitandani. Siku hiyo akapewa daftari la michango alitunze. Sasa akikosa sala, watu wanauliza yuko wapi.

Barua yake iliandikwa wiki iliyofuata.