Rangi za Mwali wa Taa



Nimeombwa niseme machache juu ya moto. Kila jioni tunauzungusha mbele ya sanamu katika aarti, kisha tunapitisha viganja juu yake na kuvigusisha usoni. Ni vyema tujue pia namna unavyowaka.

Samli iliyo ndani ya kibakuli haiwaki. Kwanza hupanda katika utambi wa pamba, ikageuka mvuke kwa joto, na mvuke huo ndio unaokutana na oksijeni ya hewa ukawaka. Mwanasayansi Michael Faraday aliwafafanulia vijana wa London elimu hii kwa mshumaa, katika mihadhara ya Krismasi ya mwaka 1860.

Utazameni mwali kwa makini. Chini, ambako hewa huingia kwa wingi, una rangi ya samawati. Juu yake ni manjano, na manjano hayo ni chembe ndogo mno za masizi zinazong'aa kwa ukali wa joto, ambalo katika mshumaa huweza kufikia nyuzi 1,400 hivi za Sentigredi. Basi nuru tuipendayo yatokana na masizi ambayo bado hayajaungua. Ukishika kijiko ndani ya manjano hayo, kitatoka cheusi. Utambi ukiwa mrefu, mvuke huzidi hewa na moshi hutoka. Tuukate, dari ya hekalu ibaki safi.

Katika jiko la gesi, hewa huchanganyika na gesi kabla ya kuwaka. Kwa hiyo mwali ni wa samawati, wenye joto jingi na nuru haba. Ukiwa wa manjano na kuchafua sufuria, matundu yasafishwe. Mchuzi wenye chumvi ukifurika, manjano ya ghafla ni ya sodiamu tu, wala si ubovu wa jiko.

La mwisho ndilo zito. Mkaa unapokolea, miali midogo ya samawati hucheza juu yake. Hiyo ni gesi ya kaboni monoksaidi inayoungua. Miali ikizimika na moshi ukiisha, wengi hudhani jiko limekuwa salama, wakaliingiza chumbani usiku wa baridi. Kumbe makaa mekundu yangali yanatoa gesi ileile, isiyo na rangi wala harufu, nayo humuua mtu akiwa usingizini. Tuwaambie walinzi wetu, wapishi wetu na watoto wetu waliopanga vyumba vya masomo: jiko la mkaa lilale nje.

Tuadhimishapo miaka ya hekalu letu, taa iendelee kuwaka, na kila aliyeiona jioni aamke salama asubuhi.

Jai Shri Krishna.