Hesabu Kabla ya Dumu la Kwanza

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu wanachama wa Kigoma, Ujiji na mwambao wote wa ziwa,

Nimeombwa niseme machache kuhusu kukadiria gharama za uzalishaji. Nianze na mawese yetu.

Tuchukue mfano. Mkamuaji ananunua chikichi za shilingi 150,000, anapata madumu matano ya lita 20. Anasema kila dumu limemgharimu 30,000. Akiliuza 40,000 anashukuru kwa faida ya 10,000. Sasa tuongeze alivyovisahau: kuni na maji 20,000, vibarua 40,000, gari hadi sokoni 15,000, na akiba ya kutengenezea mashine 5,000. Jumla ni 230,000, yaani 46,000 kwa dumu. Kumbe kila dumu linampunguzia mtaji 6,000! Na hapo hajajilipa yeye mwenyewe, wala mkewe aliyeshinda motoni.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kosa hilo tulilifanya sisi pia. Mwaka jana tulichanga bei ya mashine ya kukamulia peke yake. Mashine ilinunuliwa, na risiti ipo. Lakini usafiri wa kuileta huku mwisho wa reli, msingi wa zege, banda na kuvuta umeme havikuwemo kwenye hesabu. Mpaka leo mashine imefunikwa turubai, na akina mama waliochanga wanatuuliza. Wana haki.

Safari hii tumeorodhesha kila kitu, kuanzia boliti hadi siku za fundi. Tumechukua bei kwa mafundi watatu, tukazilinganisha. Tumeongeza asilimia 10 ya dharura, maana bei ya saruji haisubiri mkutano wetu. Tumehesabu pia miezi ya uhaba wa chikichi, mashine inapolala na mlinzi bado anadai mshahara wake.

Makadirio kamili yamo ukurasa unaofuata. Tafadhali yasomeni kabla ya kuandika ahadi. Mwenye kuona tulichosahau aseme leo, kwa sababu kosa la kwenye karatasi hufutwa kwa kalamu. Zege likishamwagwa, hufutwa kwa fedha zenu.

Mkiridhika, changeni, tuitoe mashine yetu chini ya turubai.