Ushahidi Uko Wapi?

(Mazungumzo na kikundi cha kina mama na vijana, Shimanzi)



Mnakumbuka tulivyokwenda kwenye ofisi moja kulalamikia zile betri kuukuu za magari zinazovunjwa nyuma ya magodauni, pale watoto wetu wanapochezea. Tulisema kwa uchungu. Afisa alitusikiliza, kisha akauliza, "Ushahidi uko wapi?" Tukabaki kutazamana. Tulichokuwa nacho ni maneno ya kuambiwa tu.

Basi leo tuulizane: ushahidi hutafutwa wapi? Sisi tulianzia Tudor, hapa hapa kisiwani, kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wazee mlikijua kwa jina la MIOME, kisha Politekniki. Msiseme, "Hiyo ni ya wasomi." Mtu wa nje huomba ruhusa, au humtuma kijana wetu anayesoma pale.

Ukifika, mwendee mkutubi, usione haya. Ukimwambia unatafuta "habari za uchafu", hatajua aanzie wapi. Mwambie wazi: "Nataka kujua madhara ya risasi ya betri kwa watoto."

Kwanza, omba magazeti. Gazeti hueleza kilichotokea, wapi na lini. Humo tulikuta habari za jirani zetu wa Owino Uhuru, kule Mikindani, waliodhurika kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Julai 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Lakini aliyeishia hapo alipitwa: mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ilitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Habari ifuateni hadi mwisho wake.

Pili, omba majarida ya sayansi. Haya hueleza kwa nini, na kwa kiasi gani. Mengi sasa husomwa kwenye kompyuta. Maktaba za Kenya ziliungana mwaka 2003 ili zilipie majarida hayo kwa pamoja. Hapa tazameni sana mwaka. Nchini Marekani, mwaka 1991 mtoto alihesabiwa kuwa na risasi ya kutia wasiwasi akifikisha mikrogramu 10 kwa desilita ya damu. Mwaka 2012 wakashuka hadi 5, na 2021 hadi 3.5. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Sasa, mama mwenye mtoto aliyepimwa akapata 6, akisoma kitabu cha zamani, si atalala usingizi bila wasiwasi?

Tatu, nendeni na daftari. Andikeni jina la gazeti au jarida, mwandishi, tarehe na ukurasa. Bila hayo, afisa atawaambia tena ni maneno ya mitaani.

Mwisho, tusijidanganye. Hakuna kitabu kilichopima damu ya watoto wa Shimanzi. Ya Owino Uhuru ni ya Owino Uhuru. Tulichopata maktabani ni kujua la kuomba. Kwa hiyo barua yetu mpya haisemi "watoto wetu wameathirika." Inasema: watoto hawa wapimwe damu, na udongo wanaochezea upimwe. Tumeambatanisha karatasi nne.

Jumatatu tunarudi ofisini. Anayeweza kufuatana nasi, tukutane saa mbili asubuhi.