Mtoto Asiyejua Tahajia Si Mvivu



Mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kusoma awe shuleni. Azimio hilo lilifungua mlango. Lakini kuingia darasani ni jambo moja, na kujua kusoma ni jambo jingine. Mugumu, kama kwingineko nchini, wapo watoto wanaokaa darasani mwaka hata mwaka, na maandishi yakawakatalia.

Baadhi yao wana hali ambayo wataalamu huiita disleksia. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwerevu na asiyetatizwa na hesabu, ambaye hata hivyo alishindwa kusoma na kuandika maneno mepesi. Uchunguzi uliofuata umethibitisha kwamba hali hiyo haitokani na uvivu wala upungufu wa akili. Mara nyingi hurithiwa, na kiini chake ni ugumu wa kuzipambanua sauti za neno na kuzihusisha na herufi zake.

Hapa pana jambo ambalo mwalimu hana budi kulizingatia. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Irabu zake ni tano, na kila moja ina sauti ileile siku zote. Mtoto mwenye disleksia huweza kujikongoja kwa ba, be, bi, bo, bu, akasoma polepole, akafaulu mtihani wa kumaliza elimu ya msingi bila mtu kugundua taabu yake. Aingiapo Kidato cha Kwanza, karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza, lugha yenye herufi 26 na sauti zipatazo 44. Herufi a ina sauti moja katika "cat", nyingine katika "cake", na nyingine tena katika "call". Hapo taabu iliyojificha hujitokeza, na mtoto huitwa mjinga.

Dawa yake si fimbo, wala si kunakili neno mara hamsini. Dawa ni kufundisha sauti kwa mpango. Kwanza huja herufi moja kwa sauti moja: "cat", "pin", "dog". Kisha herufi mbili kwa sauti moja: "sh" ya "ship", "oa" ya "boat". Baadaye huja e ya mwisho isiyotamkwa, igeuzayo "cap" kuwa "cape". Maneno yasiyofuata kanuni, kama "said", hufundishwa machache machache. Katika kila hatua mtoto hutamka sauti huku akiiandika kwa kidole mchangani, ndipo ahamie daftarini. Samuel Orton na Anna Gillingham waliendeleza njia ya namna hii huko Marekani katika miaka ya 1930. Gharama yake ni mchanga, chaki na subira.

Hata hivyo, yafaa kutahadhari. Mtoto wa Kikurya anayeandika "kurara" badala ya "kulala" hana lazima ya kuwa na disleksia. Lugha ya nyumbani kwake haitenganishi l na r. Naye aandikaye "skul" kwa "school" amesikia vyema, kwani hata Kiswahili kilipolichukua neno hilo kiliandika "skuli". Wa kuangaliwa ni yule anayeandika neno moja kwa namna tatu katika ukurasa mmoja, anayeruka sauti, au asiyeweza kutaja sauti ya kwanza ya neno hata baada ya kufundishwa kwa muda mrefu.

Mtoto kama huyo akipuuzwa, mvulana hurudi machungani na msichana huozwa mapema, kila mmoja akiamini kuwa hana akili. Ni wajibu wa mwalimu kumtambua mapema, na wajibu wa afisa elimu kumwezesha mwalimu huyo kupata mafunzo. Taifa lililotangaza ujinga kuwa adui halina budi kumfikia hata yule aketiye dawati la nyuma.