Binti Akitokwa na Uchafu Ukeni

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na akina mama na mabinti wa darasa la kisomo, huku Usukumani.)

 

Leo nimewaomba wanaume wa darasa letu watangulie nyumbani. Si kwamba jambo hili haliwahusu. Linawahusu, na mwisho tutawarudia. Lakini nataka tuzungumze bila kuinamisha macho. Nitalisema neno "uke" mara nyingi. Ni neno la Kiswahili kama goti au sikio. Anayetaka kucheka acheke sasa, kisha tuendelee.

Nianze na kisa. Mwanakisomo mmoja, binti wa miaka 19, alinifuata baada ya kipindi. Alikuwa amechumbiwa, na ng'ombe wa mahari walikwisha hesabiwa. Siku moja dada wa mchumba wake akaiona chupi yake kambani. Ilikuwa na doa la manjano lenye damu kidogo. Basi maneno yakazunguka kijiji kizima. Wakasema binti huyu ana gonjwa la wanaume. Mahari yakasimama.

Binti aliniapia kwamba hajapata kulala na mwanamume. Nami niseme kweli, sikumwamini. Nilimsikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi aliyechelewa.

Mkononi alikuwa na kadi ya zahanati. Aliisoma mwenyewe, neno kwa neno, maana wakati huo alikwisha jua kusoma. Mara tatu alikwenda, mara tatu alipewa vidonge vilevile vya magonjwa ya zinaa. Hakupona. Mara ya nne tukaenda pamoja, tena tukaenda kituo kingine. Muuguzi wa pale, mama mtu mzima, hakuanza na habari za wanaume. Alimuuliza: "Kwenu mnalima mpunga? Ulipokuwa mdogo ulikojoa damu?"

Binti akajibu: "Ndiyo, watoto wote tulikojoa damu. Tulidhani ndiyo kukua."

Akapimwa mkojo. Kilikuwa kichocho.

Nitakirudia kichocho. Kwanza tujue jambo moja ambalo wengi wetu hatukufundishwa, hata mimi chuoni sikufundishwa. Uke wenye afya hauwi mkavu. Hutoa ute. Binti anaweza kuanza kuuona hata kabla ya kuvunja ungo. Ute huo ni mweupe au hauna rangi, na ukikauka kwenye nguo huacha doa la manjano kidogo. Katikati ya mwezi, kiasi cha wiki mbili kabla ya siku zake, huwa mwingi na huvutika kama ute wa yai bichi. Hauwashi wala haunuki vibaya. Huo si ugonjwa. Haufai kutibiwa.

Tena ndani ya uke wamo vijidudu vyema. Msishangae. Kama askari wa mgambo wanavyolinda kijiji, hivyo vijidudu hutengeneza ukali kidogo, kama wa maziwa ya mgando, na ukali huo huzuia vijidudu vibaya. Sasa sisi tunafanya nini? Tunaingiza kidole na sabuni. Wengine huweka chumvi, ndimu, au shabu ili kubana. Tunawafukuza mgambo wenyewe! Shabu huchubua ngozi ya ndani, na palipochubuka virusi vya UKIMWI hupita kwa urahisi. Oga nje kwa maji safi, inatosha. Ndani hujisafisha penyewe.

Mimi mwenyewe nilipokuwa msichana nilijisafisha ndani kwa sabuni kila siku, nikidhani ndiyo usafi. Harufu haikuisha, ilizidi. Kadiri ilivyozidi ndivyo nilivyozidi kusugua.

Basi, dalili za ugonjwa ni zipi? Mwasho mkali na uchafu mzito mweupe, kama mgando uliokatika, mara nyingi ni fangasi. Fangasi huwapata hata wasichana ambao hawajamjua mwanamume. Huja wakati wa mimba, au kwa wenye ugonjwa wa sukari. Huja pia baada ya kumeza dawa za kuua vijidudu, hasa hizi capsule za rangi mbili tunazonunua dukani bila kupimwa. Majimaji mepesi ya kijivu yenye harufu ya samaki ni jambo jingine. Hapo wale vijidudu vyema wamepungua na wengine wamechukua nafasi. Uchafu wa manjano au kijani wenye povu huenda ukawa trikomona, na huo ni ugonjwa wa zinaa. Kisonono na klamidia nazo ni za zinaa, na ubaya wake ni kwamba mara nyingi mwanamke haoni dalili yoyote. Zikipanda hadi kwenye kizazi huweza kumzuia asizae.

Msiniambie basi kwamba sasa mtajitambua ninyi wenyewe kwa rangi. Rangi hudanganya. Nimezitaja ili mjue kwamba magonjwa ni mengi na dawa zake si moja.

Sasa kichocho. Mtu mwenye kichocho cha mkojo akikojoa majini, mayai ya minyoo huanguliwa na kuingia ndani ya konokono. Konokono hutoa vijidudu vingine vidogo mno, navyo hupenya ngozi ya yeyote anayesimama jaruba la mpunga au anayeoga lamboni. Dakika chache zinatosha. Minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu. Kwa wanawake, mayai hukwama pia kwenye uke na mlango wa kizazi, na kuleta vidonda, mwasho, uchafu wenye damu, na maumivu. Binti amelima tu, amechota maji tu, amefua nguo za wadogo zake. Huyo ndiye tunayemwita malaya.

Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli. Shuleni watoto hupewa, hupimwa kwa kijiti cha urefu. Lakini binti aliyeacha shule hukosa. Tena dawa huua minyoo, makovu ya zamani hubaki. Mwenzetu yule mkojo wake ulisafika, maumivu yakapungua, hayakwisha yote. Laiti angetibiwa akiwa na miaka kumi. Ng'ombe walifika baadaye. Yule dada wa mchumba hajaomba radhi hadi leo.

Kwa hiyo ukienda zahanati, sema mwenyewe: "Nalima mpunga, naomba mkojo wangu upimwe kichocho." Una haki ya kuomba muuguzi mwanamke, kama yupo. Nenda siku hiyohiyo ukiwa na maumivu chini ya kitovu pamoja na homa, au damu isiyo ya hedhi, au ukiwa na mimba. Na mtoto mdogo wa kike akitokwa na uchafu au damu, apelekwe bila kungoja. Tumuulize kwa upole kama kuna mtu amemgusa. Tusimpige.

Zahanati zetu si kitu kidogo. Kati ya 1991 na 1994 ulifanyika utafiti hapa hapa mkoani Mwanza. Vijiji vingine vilipata huduma nzuri ya kutibu magonjwa ya zinaa katika zahanati za kawaida. Huko maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa pungufu kwa kiasi cha asilimia 40 kuliko katika vijiji vya jirani.

Maswali? Naam, mama.

"Mwalimu, mimi nikipewa dawa, mzee wangu naye anywe?"

Ikiwa ni trikomona, kisonono au klamidia, lazima atibiwe naye, hata kama hasikii kitu. Asipotibiwa atakurudishia. Mpelekeeni karatasi ya zahanati aisome mwenyewe, ndiyo maana tumemfundisha. Ikiwa ni fangasi, kwa kawaida hahitaji. Ikiwa ni kichocho, hakukuambukiza wewe, wala wewe hukumwambukiza kitandani. Lakini jaruba ni moja, basi naye apimwe. Na maji ya kuogea yachoteni leo, yakae kwenye pipa lililofunikwa siku mbili, bila konokono ndani. Wale vijidudu watakuwa wamekufa.