Namba Iliyofichwa Chini ya Slaidi

Januari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilipokuwa kinapaa, kipande cha povu gumu kilibanduka kwenye tangi la mafuta kikagonga bawa la kushoto. Wahandisi wa Boeing wakaambiwa wapime madhara, nao wakawaeleza wakubwa wa NASA kwa slaidi.

Slaidi moja kati ya hizo inazungumzwa hadi leo. Juu, kwa herufi kubwa, kichwa cha kutuliza roho: mahesabu yameacha nafasi ya usalama. Chini yake vipengele, na ndani ya vipengele vipengele vingine, maandishi yakizidi kuwa madogo. Mstari wa mwisho kabisa ndio uliobeba jambo lenyewe. Povu la majaribio lilikuwa la inchi za ujazo 3. Lililogonga bawa lilikadiriwa kuwa la inchi za ujazo 1,920. Mara 640! Yaani tukio lilikuwa nje kabisa ya mipaka ya majaribio yale. Februari 1 Columbia ilisambaratika ikirejea duniani, wanaanga saba wakafa.

Profesa Edward Tufte, aliyeichambua slaidi hiyo, aliitupia lawama programu ya PowerPoint. Mimi naona imeonewa kidogo. Hakuna programu inayomlazimisha mtu aanze na faraja. Kinachomtuma afanye hivyo ni woga wa kumpelekea bosi habari mbaya, na woga huo ofisi zetu zinaujua vizuri. Kwa hiyo wewe unayeandaa mada ya wiki ijayo, kabla hujafungua kompyuta, jiulize ni namba gani unatamani wasiione. Ianze hiyo.

Na NASA walikuwa wameshaonyeshwa namna ya kufanya. Februari 11, 1986, tume ilikuwa ikichunguza ajali ya chombo kingine cha anga, Challenger, kilichorushwa asubuhi ya baridi kali. Mwanafizikia Richard Feynman, mjumbe wa tume hiyo, alipita dukani akanunua kibano, akafanya jaribio lake kwanza pembeni, ndipo akaingia kikaoni. Mbele ya kamera akakibana kipande cha mpira wa kuzibia maungio ya roketi, akakizamisha kwenye glasi ya maji ya barafu. Alipokifungua, mpira haukurudi haraka katika umbo lake. Basi.

Kumbe alitaka kuanza mapema. Jenerali Donald Kutyna, aliyeketi jirani, akamnong'oneza asubiri msemaji afike kwenye slaidi inayohusu mpira huo. Angewahi, wengi wangeshangaa tu mzee huyu anachezea nini kwenye glasi.